Mwalimu, Hosteli ya Wasichana Haikujengwa

Mwalimu Leokadia,

Jumapili nilipita kaburini kwako. Wanao wamelijengea vizuri. Nilitaka kukwambia haya palepale, lakini watu walikuwepo. Acha nikuandikie.

Chuo chetu kinanishinda. Siyo kwamba wafadhili hawatafutwi. Wanatafutwa mno, kila mtu na lake. Wewe ukiwa mkuu wa chuo na mimi afisa wako wa uchangishaji, hatukumwomba mtu chochote kabla hatujakaa na kukubaliana chuo kinakwenda wapi. Ulikuwa unaniambia, "Festo, usiniletee msaada wa kutuhamisha njia."

Nakumbuka tulivyopanda milimani Mwese kwa bodaboda, gauni lako tope hadi magotini, dereva anapiga kelele, "Mama, shikilia!" na wewe unacheka. Ungeweza kunituma peke yangu. Ulikataa. Ulisema mzazi anataka kuombwa na mtu ambaye kesho atamjibu.

Tulikwenda kwa ajili ya hosteli ya wasichana. Uliiweka mwanzo kabisa kwenye mpango mkakati, baada ya yule binti wa uuguzi, Sesilia, kuvunjiwa mlango kwenye chumba alichopanga mtaa wa Majengo, hapa Mpanda. Alirudi kwao Mwese, hakusoma tena. Wazazi wa kule hawakuwa na fedha, wakasema watachoma matofali. Wakachoma kweli. Malori yakayashusha kwenye kiwanja cha hosteli, ukawa unatoka ofisini kwenda kuyaangalia tu. Kisha ukaugua. Ukaondoka kabla msingi haujachimbwa.

Kaimu mkuu aliyekaa kwenye kiti chako siyo mtu mbaya. Anaogopa. Hawezi kumwambia mtu hapana. Akaruhusu kila idara iombe inachotaka, kwa yeyote inayemjua. Mfadhili wetu wa Dar, yule uliyemhangaikia sana, akanipigia simu: "Bwana Festo, hivi chuo chenu ni kimoja au vitatu?" Maombi matatu yalifika mezani kwake wiki moja, kila moja linasema hili ndilo la kwanza. Akajitoa.

Halafu akaja mfanyabiashara mmoja anayetaka kutujengea ukumbi wa mikutano, jina lake juu ya mlango. Mwalimu, ukumbi! Hatujawahi hata kuuwaza. Nikasema kwenye kikao, "Mkuu, nenda wewe mwenyewe ukamwombe atujengee hosteli. Jina lake tuliweke hukohuko." Kaimu akajibu bila kuniangalia, "Mtu kaja na mkono wazi, wewe unataka kumpangia?" Wenzangu wote waliinamia simu zao. Wakampa kiwanja cha hosteli. Matofali nayo wakasema yaingie kwenye msingi wa ukumbi, yasije yakaharibika na mvua.

Nilipanda Mwese. Sikutumwa na mtu. Wazazi wakakusanyika, nikawaeleza yote. Nilidhani watanitukana. Mama yake Sesilia akasimama, akasema taratibu, "Sisi tulimpa Mwalimu. Mwalimu amefariki, mmebaki nyie. Sasa nyie ni akina nani?"

Nilishuka mlimani na swali hilo. Hadi leo ninalo.

Wazazi wale walishuka Mpanda kwa pikipiki hadi chuoni, wakayazunguka matofali yao, wakakaa chini. Kaimu alitoka, akaahidi kwamba hayataguswa. Hayajaguswa, ni kweli. Ila walipoondoka, ukumbi ukaendelea palepale kwa matofali ya saruji. Ya Mwese yamesogezwa pembeni, hayana kiwanja wala ramani, majani yameanza kuyafunika. Mimi nikaambiwa nimechonganisha chuo na jamii, nikahamishiwa masjala. Napanga mafaili. Uchangishaji hauna mtu sasa, au una watu wengi, sijui niseme vipi.

Mke wangu anasema nitafute kazi kwingine. Kuna asubuhi nafika getini, miguu inakataa kuingia. Mwalimu, nakukasirikia pia, nisamehe. Tulidhani tunaufuata mpango, kumbe tulikuwa tunakufuata wewe. Hukutuachia mtu wa kusimama ulipokuwa unasimama, wala sisi hatukukuuliza. Ulipoondoka, mpango ukabaki karatasi, na karatasi haiwezi kupanda bodaboda kwenda kumwomba mzazi. Kwa nini ulienda mapema hivyo? Nimuulize nani sasa?

Baraza la chuo linakaa Alhamisi kuchagua mkuu mpya. Nimeomba kusikilizwa, sijajibiwa. Nitakwenda hivyohivyo, nisimame mlangoni mpaka waniingize au wanitoe. Nitawaomba wachague mtu atakayeweza kusema hapana, na atakayekwenda kuomba mwenyewe. Pia watoe kiwanja kingine kwa ajili ya wasichana. Naogopa, Mwalimu. Nina watoto shuleni, na najua mimi ni mtu mdogo pale.

Siwezi kukuahidi hosteli. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya, na wewe hukupenda kudanganywa hata ulipokuwa hoi kitandani. Ninaloweza kuahidi ni hili: lolote litakaloamuliwa Alhamisi, Ijumaa nitakwenda kumwambia mama yake Sesilia kwa mdomo wangu, uso kwa uso.

Pumzika, Mwalimu wangu. Huku bado tunahangaika.

Ni mimi,
Festo