Maneno ya Daktari Ambayo Sikukufikishia

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, ambacho ulikijua cha sokoni tu, kwa sababu kwa Kijaluo singefika mwisho.

Mwanao Odhiambo anaumwa ini, kama wewe. Tulipomaliza kukuzika Kendu Bay, daktari alitaka sisi wanao tupimwe virusi vya ini ulivyokuwa navyo. Mimi sina. Yeye, mwenye kuponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Osiri bila kuugua hata mafua, alipatikana navyo, na picha ikaonyesha uvimbe mmoja.

Daktari alieleza vizuri. Sindano ndefu yenye moto inapitishwa ubavuni hadi kwenye uvimbe, inauchoma palepale, tumbo halipasuliwi. Mabaki ya uvimbe uliokufa huusaidia mwili kumtambua adui, maana saratani hujificha isionwe na kinga yetu. Halafu kuna dripu ya dawa kila wiki tatu, ili kinga hiyo isilegee na iwinde seli zilizobaki. Alisema pia kwamba kuunganisha hayo mawili bado kunachunguzwa, na hakumsaidii kila mtu.

Odhiambo akakataa. Nilimfuata kwake, nikamkuta na mkewe wakipukuchua mahindi. Akaniambia, "Hao wanataka kunijaribia dawa tu. Kama kuchoma kunasaidia, mbona Mama hakuchomwa?"

Mama, hapo sikuwa na pa kujificha. Unaikumbuka siku ile, umekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba umeubana mapajani, daktari anachanganya Kiingereza na Kiswahili, nawe unaningoja mimi. Alisema uvimbe wako unaweza kuchomwa. Mimi nikakwambia amesema unywe dawa za maumivu, ukapumzike nyumbani. Huku Uriri watu walikuwa wakisema uvimbe ukiguswa unasambaa, na niliogopa usije ukafia mikononi mwa madaktari. Ukamwambia daktari erokamano, ukainuka kwa shukrani.

Nikamjibu Odhiambo, "Aliambiwa achomwe. Mimi ndiye sikumfikishia."

Aliweka gunzi chini, akaingia ndani. Mkewe alinisindikiza hadi barabarani. Kesho yake mke huyo akanipigia kuuliza tarehe ya hospitali.

Odhiambo alichomwa. Alitoka na plasta ndogo chini ya mbavu, akalalamika njaa. Dripu ya kwanza ilimletea homa na mwasho mwili mzima. Ya pili aliivumilia. Picha ya mwisho inaonyesha palipochomwa pamekufa, na tunangoja nyingine. Kila mara naenda naye, tunakaa benchi moja. Anamsalimia askari wa lango, mimi hanisemeshi. Daktari akiongea, nanyamaza, asikie mwenyewe.

Uamuzi ulikuwa wako, nami nilikunyang'anya. Najuta, Mama. Pengine ungekataa. Pengine hata kuchomwa kusingekufaa. Lakini ungekuwa umeulizwa.

Nakuahidi nitaendelea kukaa kwenye benchi lile mpaka dripu ziishe, anisemeshe asinisemeshe. Ila nikwambie ukweli wote safari hii: picha yake ikitoka nzuri nafurahi, halafu chakula kinanishinda. Akipona, nitajua nilikunyima nini. Na bado kila siku naomba apone.

Pumzika, Mama.

Atieno wako