Tolofina Uliyempeleka Kusomea Kahawa

Mpendwa Baba Edwini,

Leo nina hofu, na siwezi kumweleza mtu mwingine hapa Mbinga, maana kila mmoja angeniambia nimeyataka mwenyewe. Wewe hutasema hivyo. Hofu hii uliianzisha wewe.

Unakumbuka siku karatasi ya daraja la kahawa yetu iliporudi kutoka Moshi? Ulikuwa msimu wetu wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe. Tulikuwa tumenunua mashine ya kumenyea kahawa na kuifunga Mpepai, kwenye kiwanja alichotupa baba yangu kando ya mto. Tulijiona matajiri wa kesho. Kumbe kahawa yetu imewekwa daraja la chini, na pembeni wameandika maneno mawili: "harufu, uchachu". Uliisoma umesimama, ukaisoma tena umekaa. Kisha ukaniuliza, "Mama Edwini, hivi kahawa yetu ina ladha gani?"

Sikuijua. Nimebebwa mgongoni mama akichuma kahawa, nimesomeshwa kwa kahawa, na nyumbani kwetu tulikunywa chai. Wewe mtu wa Lituhi, ziwani, ndiyo usiseme. Samaki ulimjua kaoza au hajaoza kwa kumtazama jicho tu, lakini kahawa kwako ilikuwa mzigo kama mizigo mingine. Na wafanyakazi wetu walikuwa vivyo hivyo. Tulikuwa tunauza kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukionja.

Wiki ile ile ukasema Tolofina ataenda Moshi miezi minne kusomea kuandaa na kuonja kahawa. Tolofina! Binti wa kijiji cha Ruanda aliyeishia darasa la saba, kazi yake kugeuza kahawa kwenye vichanja vya kuanikia na kuchambua mbovu. Ulimchagua kwa sababu moja: ulimwona akiinusa kahawa kabla ya kuichambua, na hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Nilikupinga, nawe unajua nilivyokupinga. Tulikuwa tunaweka akiba ya pikapu, tuachane na kukodi magari ya watu. Nikakwambia, "Unamsomesha halafu hawa wanunuzi wenye malori mapya wanamchukua. Angalau aandike karatasi kwamba atatufanyia kazi miaka mitano."

Ukakataa. Ndipo ukanisimulia habari za yule fundi wa injini za boti uliyemfanyia kazi Lituhi kabla hujanioa. Kila alipofika mahali penyewe, penye siri ya kazi, alikutuma maji ziwani. Ulichota maji miaka mitatu. Alipopooza mkono, boti za watu zikabaki mchangani, na wewe uliyeshinda naye kila siku hukuweza kufungua hata kabureta.

"Karakana ilifungwa mimi nimesimama mlangoni," ulisema. "Sitaki mtu wangu asimame vile."

Tolofina akaondoka. Hata miezi miwili haikuisha, malaria ikakupanda kichwani. Siku tatu tu. Tukakupeleka kwenu Lituhi kwa pikapu ya kukodi, tukapita Ruanda, na mama yake Tolofina akatoka barabarani, akavua kitenge chake cha mabegani, akakifunika juu ya jeneza. Sijui kama uliwahi kuonana na yule mama. Mimi nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza.

Tuliporudi kutoka msibani nilikuta barua ya Tolofina. Aliandika: "Mama, nimesikia. Nirudi sasa hivi au nimalize?" Nikamjibu arudi. Bahasha niliifunga, nikaiandika anwani, nikaibeba hadi mlangoni mwa posta. Halafu nikasimama. Usinisifu, Baba Edwini, haikuwa roho nzuri. Niliogopa tu kwamba akirudi na elimu nusu nitakuwa nimekosa pikapu, nimekukosa wewe, na kahawa itaendelea kunuka uchachu. Niliichana barua ile, nikaandika nyingine yenye neno moja: "Maliza."

Miezi ile miwili iliyobaki nilikonda. Mzee Abdalla, yule mwenye duka karibu na soko ambaye wazee wake walitoka Kilwa, alikuwa anapokea simu na habari za kila mtu. Siku moja akaniita pembeni. "Shemeji, nisikufiche. Nasikia binti yako huko Moshi ameshazungumzwa na watu wa kampuni. Wenye yale malori." Nilimshukuru, nikatoka pale nimesahau sabuni niliyokwenda kununua.

Lakini alirudi. Alishuka kwenye basi na mfuko mmoja na vijiko viwili vya mviringo vya kuonjea. Kabla hajafika kwao Ruanda kusalimia, akaja Mpepai, akaingiza kichwa kwenye tangi la kuchachushia punje zilizomenywa, akanitazama. "Mama, tangi hili lilisuguliwa lini?"

Bosco, mtu wetu wa mashine, aliguna. "Juzi tulikuwa tunachambua naye, leo anatukagua."

Tolofina akachukua brashi, akaingia mwenyewe ndani ya tangi, akasugua mpaka jioni. Utando mweusi uliotoka mle ulikuwa na harufu ile ile ya kwenye karatasi. Bosco aliinusa, akavua viatu, akaingia kumsaidia. Kesho yake Tolofina alitukaangia kahawa yetu wenyewe, akaisaga, akaimwagia maji ya moto kwenye mabakuli, tukaonja. Osmunda, mmoja wa wachambuzi wetu, aliitema. "Hii ndiyo tunauza?" Nilicheka, lakini kwa aibu.

Sasa nikueleze siku niliyoiogopa kuliko zote. Baba yangu alileta kahawa yake, magunia manne, kwa punda. Tolofina akafungua gunia la kwanza, akachota, akatandaza kwenye mkeka. Mbivu na mbichi zilikuwa zimechanganyika, na nyingine zimeanza kukauka. Akapiga goti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, hii siwezi kuipokea. Ikiingia kwenye tangi itaharibu ya wenzako."

Baba alinigeukia mimi. "Mwanangu, mashine hii imekaa kwenye ardhi ya nani?"

Watu kama kumi walikuwa kwenye foleni. Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo kila mtu alisikia. Tolofina alibaki amepiga goti, ananitazama, na nikajua kwamba yote aliyojifunza Moshi yanangojea mdomo wangu. Nikisema ipokeeni, hakuna mkulima atakayemsikiliza tena, kwa sababu kila mtu Mpepai ni baba wa mtu.

"Baba, ardhi ni yako," nikasema. "Kahawa anayeijua ni huyu. Naomba unisamehe."

Akafunga magunia yake, akasema kwa Kimatengo maneno ambayo sitayaandika hapa, akaenda kuwauzia wale wa malori, ambao walipokea kila kitu bila kufungua gunia. Wiki tatu hakunisemesha. Jumapili kanisani alikaa benchi la mbali. Nilidhani nimempoteza baba kwa sababu ya mabakuli na vijiko. Wiki ya nne akaja na debe moja. Moja tu. Akalimwaga mkekani mbele ya Tolofina, nyekundu tupu. "Tafuta mbichi humo uniaibishe tena."

Tolofina akatafuta. Akaipata moja, akaificha kiganjani. Mimi niliiona. "Hamna, babu," akasema.

Karatasi ya msimu ule ilipanda madaraja mawili, Baba Edwini. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, kama ulivyofanya wewe, nikatamani mno kukupa uisome. Msimu uliofuata wakulima wa milima ya jirani walianza kutuletea kahawa yao bila kuitwa. Zile punje zilizovunjika, tulizokuwa tunazitupa, Tolofina na Osmunda wakaanza kuzikaanga na kuzisaga, Mzee Abdalla akaziuza dukani kwenye vipakiti. Yeye ndiye aliyetufundisha kutia tangawizi kama wanavyokunywa kwao. Walimu na maofisa waliohamishiwa hapa kutoka mikoa mingine walizigombea. Hata mimi siku hizi nakunywa kahawa. Chai naiona ya wagonjwa.

Halafu likaja lile nililokutabiria. Tolofina alikuja nyumbani asubuhi, amevaa nguo ya kanisani siku ya kazi, nikajua.

"Mama, nimekuja kukwambia kabla hujasikia kwa watu. Kampuni wamenipa kazi. Na nyumba, na pikipiki."

Nilimwambia neno baya. Nakuungamia hapa kwa sababu sikumwungamia yeye. Nilisema, "Mume wangu amekufa akikusomesha."

Alilia, lakini hakuondoka. Akajifuta kwa kiganja. "Najua, Mama. Nina mama yangu na wadogo zangu watano Ruanda, siwezi kukataa. Lakini nimewaomba mwezi mmoja. Huo mwezi ni wako."

Mwezi ule alifanya kazi kama anayekimbizwa na mvua. Alimfundisha Bosco kupanga visu vya mashine, Winfrida wa kwenye matangi kupima kama punje zimechachuka vya kutosha kwa kuzisugua kiganjani, Osmunda kuonja, na Kostansia, aliyekuja juzijuzi tu kugeuza vichanja, akamfundisha yote kidogo kidogo. Mimi pia nilijifunza. Siku ya mwisho akapanga mabakuli sita, moja akaweka kahawa iliyoharibika, akatuambia kila mtu aandike namba ya bakuli hilo bila kumwonyesha mwenzake. Wote wanne waliandika tano. Mimi niliandika mbili.

Tulicheka mpaka Bosco akakaa chini. Tolofina alinishika mkono. "Mama, wewe lipa mishahara. Kuonja waachie hawa."

Sasa anafanya kazi upande wa pili wa mji. Tunaonana sokoni, ananisalimia kwa goti lile lile, na sijamwomba radhi. Maneno yananifika kooni, halafu anakuja mtu. Najiambia Jumamosi ijayo. Kila Jumamosi najiambia hivyo.

Na sasa kinachonitesa. Wale wa malori wameanza kukagua magunia kama sisi, na wanajenga mashine yao kubwa kuliko yetu. Tukibaki tulipo, msimu ujao watatupita. Kwa hiyo leo asubuhi nimewapandisha basi Bosco na Winfrida waende Moshi, mmoja kwa mashine, mwingine kwa kuonja. Pikapu bado tunakodi. Sikuwaandikisha karatasi. Bosco aliniuliza mwenyewe, "Mama, hakuna cha kusaini?" nikatikisa kichwa, na basi lilipoondoka nikajuta. Nilitaka kulikimbilia. Wakibaki huko, wakirudi wakachukuliwa, nitasema nini kwa watu? Edwini ndiyo kwanza kaingia sekondari. Sina ujasiri wako, Baba Edwini. Nafanya ulilofanya, lakini wewe ulilala usingizi, na mimi sijui kama leo nitalala.

Nilitoka stendi nikaja moja kwa moja Mpepai, kwa sababu wakulima walikuwa wanasubiri na Bosco hayupo. Nikawasha mashine mwenyewe. Baba yangu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilikuwa nimemimina debe la pili tu Kostansia akaja mbio kutoka kwenye vichanja, mikono imejaa maji, msichana ambaye bado hajamaliza hata msimu mmoja kwetu.

"Mama, zima!"

"Kuna nini? Inakwenda vizuri."

"Haiendi vizuri. Sikiliza. Kisu kimelegea, inakata punje. Zima, Mama!"

Nilisikiliza. Sikusikia chochote, ni ngurumo ile ile ya kila siku. Baba alinitazama, watu wote wakanitazama. Nikazima. Kostansia akafungua kifuniko, akachota punje, akanionyesha kiganjani: zimekatwa, nyeupe ndani, kama meno yaliyovunjika. Kisha akalala chali chini ya mashine na sketi yake, akaanza kufungua nati bila kuniuliza.

Nimekaa hapa kwenye gunia nakuandikia huku akifanya kazi. Wakulima wanangoja, hakuna aliyeondoka. Baba amemshikia tochi.

Naishia hapa. Ananiita nikamshikie spana.

Mkeo,
Mama Edwini