Bi Mwanarusi, Mganga Aliyewatuma Zahanati Kwanza

Mama, mwaka umetimia tangu tukutoe hapa nyumbani Mwabungo kukupeleka makaburini, Alhamisi baada ya swala ya adhuhuri. Watu wanatuuliza kama tumezoea. Hatujazoea. Tumechoka tu.

Ulijulikana kwa uganga wa nyuni, ile homa ya watoto inayoleta degedege mpaka macho yakageuka. Mtu akija mbio na mtoto anachemka, ulikuwa unaacha nazi yako nusu imekunwa, unanawa mikono, unamkalisha mkekani. "Pole, mwanangu. Usilie, utamtisha mtoto." Kisha unamwambia: "Dawa yangu haimwingii mtoto ambaye hajatolewa damu kidoleni. Nenda zahanati, uniletee cheti nikione."

Wakaenda! Hata wale walioapa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa, walikwenda kwa sababu umesema wewe. Wakirudi na vidonge vya malaria unawaelekeza siku tatu, asubuhi na jioni, ndipo unachoma ubani wako kidogo. Na mama aliyeficha vidonge vilivyobaki eti mtoto ameshapoa, loo, alikukoma. Ulikuwa na ulimi, mama, tusidanganyane. Lakini kuku uliyeletewa kwa shukrani ulimpa mtoto mwingine aliyekonda, nasi tukala mchicha.

Sisi wanao ndio tuliokuachisha uganga. Sefu ana kazi yake hotelini Diani, mimi Twaiba ni mwalimu wa chekechea, na tuliona haya kuitwa watoto wa mganga. Tukakukalisha kitako tukakwambia watu siku hizi wameelimika, watakwenda hospitali wenyewe. Ulitutazama sana. "Haya, wanangu. Mimi nimeshazeeka. Lakini watu hamuwajui." Ukakifunga chetezo kwa kitambaa ukakiweka juu ya kabati. Miezi minne baadaye presha ikakuchukua.

Watu hawakwenda wenyewe. Wamepata mganga mwingine, ng'ambo ya barabara, na huyo hamtumi mtu popote. Nasimama mlangoni kila siku nawaambia, jamani, homa ya mtoto ipimwe kwanza. Wananijibu kwa adabu, "Ahsante, mwalimu," kisha wanavuka barabara. Nimesema mpaka nimechoka kuisikia sauti yangu mwenyewe.

Masika haya homa ilimshika Swabir, mtoto wa Sefu, mjukuu wako uliyemkanda kwa mikono yako alipozaliwa. Sefu alikuwa kazini, zamu mbili mfululizo. Mkewe Husna aliogopa sindano, akampeleka kwa yule mganga wa ng'ambo ya barabara. Alifukizwa siku mbili. Sefu aliporudi alimbeba mbio kwa tuk-tuk mpaka hospitali, wakampima, wakasema ni malaria na imeshapanda kichwani. Walijitahidi, mama. Hakufika jioni.

Husna hatumlaumu. Alikuwa msichana wa kuambiwa na mkubwa anayemwamini, na mkubwa huyo tulikuwa tumemnyamazisha. Nilitaka kuandika tangazo la kawaida, la sifa na dua. Sefu akakataa. "Andika ni mimi niliyemwachisha mama. Wasome." Nimeandika, lakini si yeye peke yake. Tulikuwa wawili.

Tumemlaza Swabir ubavuni mwako, upande wa kibla. Alikuwa na miaka miwili na nusu, na alikuwa ameanza kukuita nyanya. Tusamehe, mama. Mpokee.

Tunaokukumbuka ni wanao, Sefu na Twaiba; nduguyo Mzee Alfani; jirani yako Bi Sidi, anayefagia kaburi lako kila Ijumaa; watoto wote uliowatuma zahanati, ambao leo nao ni wazazi; na mkweo Husna, ambaye bado hajaweza kufika makaburini.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Hakuna siku tutakayokusahau.