Mshipi Niliomchagulia Baba

Mabawa, Tanga
Ijumaa, baada ya Adhuhuri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na Shangazi Tunu ni mzima pia, isipokuwa macho yanamsumbua akitunga uzi, kwa hiyo mimi ndiye ninayemtungia sindano zake zote. Lakini nataka kujua hali yako kwanza. Mkono unaendeleaje? Mama bado anakukanda kwa maji ya moto? Usiku unalala?

Habari za mkono sikuzipata kwako, Baba. Nilizipata juzi kwa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa huko Mkwaja, alipoleta mikeka yake mjini akafikia hapa kwa Shangazi. Alisema kolekole mkubwa alikula chambo chako ukiwa umesimama ufukweni, akakimbia, na ule mshipi wa nailoni niliokuletea ukakukata kidole cha shahada mpaka mfupani. Jeraha limefunga, lakini kidole hakinyooki hata ukikaa tahiyatu kwenye swala. Halafu akashusha sauti, akatuambia kwamba barazani wamekupa jina.

"Wanamwita Fundi Nailoni," alisema. "Eti kavua tangu hajaota ndevu, leo kakatwa na uzi kama mtoto. Naye hawajibu. Mshipi kautundika ukutani, pwani haendi tena."

Shangazi aliguna, akaendelea kushona. Mimi nilikwenda uani nikakaa huko mpaka Bi Mwanahawa alipolala, kwa sababu kuna jambo ninalolijua mimi ambalo nyinyi nyote hamlijui.

Nilipomaliza shule uliniletea salamu kwamba mshipi wako wa pamba umeoza, nikutafutie mwingine huku mjini. Ulisema, "Chagua wewe, umesoma." Neno lile lilinifurahisha mno. Nikaenda kwa Bwana Nassoro, mwenye duka la vyombo vya uvuvi, nikasimama mlangoni muda mrefu maana ndani walikuwa wanaume watupu. Mwishowe aliniita, akaniwekea mezani mishipi ya aina mbili. Mmoja ni wa pamba, wa nyuzi zilizosukwa pamoja, kama uliouzoea. Mwingine ni nailoni, uzi mmoja tu, mwembamba, unaong'aa. Alisema nailoni haiozi, haihitaji kuchemshwa na magome ya mkandaa, ule mti wa mikoko, ili idumu, na samaki hawaioni majini. Nikachagua nailoni. Baba, sikuifikiria kazi yako. Niliuchagua kwa kuwa ulikuwa mgeni machoni, nikataka watu waulize umetoka wapi, uwaambie umetoka kwa mwanao.

Nilipokuwa natoka Bwana Nassoro aliniita tena. "Binti, mwambie babako huu si pamba. Asiuzungushe kiganjani. Samaki akivuta, utamkata kama wembe. Auzungushe kwenye kipande cha mti, na mkono aufunge kitambaa."

Niliyaandika maneno hayo mwishoni mwa barua yangu. Kisha nikakumbuka kwamba barua zangu huwa anakusomea Mwalimu Sefu pale barazani, wote wakisikiliza. Nikakumbuka mwana wa Mzee Kombo alipomwandikia baba yake namna ya kuezeka paa, na jinsi watu walivyomcheka mzee yule juma zima, wakimwambia siku hizi mtoto ndiye anayemzaa baba. Nikajiuliza, mimi ni nani, sijawahi hata kufunga ndoana, nimfundishe baba yangu kushika mshipi mbele ya wavuvi wenzake? Nikachukua karatasi nyingine, nikainakili barua yote bila maneno yale. Nilijiambia kwamba hiyo ni adabu. Labda nusu yake ilikuwa adabu. Iliyobaki ilikuwa woga.

Wewe ukaushika kama ulivyoshika pamba siku zote, umeuzungusha mara mbili kiganjani. Hukusahau kazi, Baba. Hukuambiwa.

Mwalimu Sefu, shikamoo. Najua ni wewe unayesoma, na huenda Baba amekwisha kukuashiria uipite sehemu hii ili anisitiri. Nakuomba usiipite. Uisome kwa sauti, na kama waliompa jina bado hawajafika, nakuomba uwangoje.

Jana nilirudi dukani, na safari hii sikusimama mlangoni. Nilimweleza Bwana Nassoro habari za kidole. Hakunigombeza. Aliuliza kama kinahisi kitu, nikasema sijui, na nikaona aibu kwamba sijui. Alisema nailoni ingekupa samaki wengi zaidi, lakini inateleza, na mkono usiofumba sawasawa hautaimudu. Pamba ni nene, samaki wajanja wataiona wataikwepa, lakini vidole vitaishika na haitavikata. Kwa hiyo nimechagua pamba. Bi Mwanahawa anakuletea pamoja na barua hii. Kazi ya kuuchemsha na mkandaa itarudi, na samaki watapungua. Nimeyafikiri yote mawili. Ukiona nimekosea tena, mwambie Mwalimu aniandikie wazi, usininyamazie kama nilivyokunyamazia.

Kurudi pwani au kutorudi ni hiari yako. Sikuandikii ili nikusukume. Ila usikae nyumbani kwa aibu ambayo ni yangu.

Na wengine hapo mnaotumia nailoni, msiizungushe mkononi. Maneno haya ndiyo niliyoyaacha.

Nisalimie Mama, na umwambie kwamba, ingawa ameniacha nisikie habari zako kwa jirani, simlaumu. Msalimie Bibi mzaa mama, na kaka yangu Hamisi aliyeko shambani na mkewe. Shangazi anakusalimu, kaka yake, na anasema mkono usiloweshwe maji ya chumvi kabla ya ngozi kukaza. Nawe Baba, unisamehe ukiweza.

Ni mimi mwanao, niliyejua nikanyamaza,
Mwanaidi