Kigoda cha Mama Mkwe Wako Kimehama

Mpendwa mlamu wangu,

Mwangaluka. Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima wa hapa Shishiyu pamoja na mbuzi wake, nakutangazia kwamba kigoda cha mama mkwe wako kimehama. Kilikuwa mlangoni, sasa kiko ndani, nyuma ya pazia. Hakuna aliyejeruhiwa. Sababu nitakueleza, ila kwanza nina swali ambalo limenikaa miaka yote hii.

Unakumbuka siku uliyonipakia kwenye kile kindege chako cha kuhesabia wanyama? Dada yangu alikuwa bado hai, na ndiye aliyekushawishi, eti kaka yake anajidai fundi wa injini kwa sababu anamiliki pikipiki. Tukapaa kutoka Bariadi, mimi nimekumbatia magoti kama mtoto anayesubiri sindano.

Tulipofika juu ukaanza kuvuta kile kishikio chekundu, taratibu. Nikauliza kulikoni. Ukanieleza kwamba huku juu hewa ni nyepesi lakini kabureta haijui, inaendelea kumwaga mafuta yale yale, injini inavimbiwa. Kwa hiyo unayapunguza kidogo kidogo huku unasikiliza: mngurumo unapanda, unapanda, kisha injini inaanza kukwaruza kooni. Hapo unarudisha kishikio ndani kidogo, inatulia. Nami miaka yote nilikuwa narekebisha kabureta ya pikipiki kwa kuikazia macho.

Basi, injini ikatulia, mashamba ya pamba yakawa yanapita chini yetu. Tulipokaribia paa la nyumbani, ukavuta tena. Injini ikakohoa mara mbili. Nikaanza kusali kwa Kisukuma, tena sala za mazishi, wewe unacheka. Chini nikamwona mama ananyanyuka na kigoda chake, anaingia ndani.

Ulikuwa unarekebisha nini, mlamu, na ulishamaliza kurekebisha? Kwetu mkwe haonani uso kwa uso na mama mkwe wake. Hukohoa angali mbali ili mama apishe. Wewe mtu wa Tanga, nani alikufundisha? Nilipokuuliza ulijibu tu, "Mlamu, hewa ya Shishiyu ni tofauti." Na kila ulipopita hewa ilikuwa tofauti juu ya paa lile lile, na jioni ukifika kwa gari unakuta kuku ameshachinjwa.

Kisha tukamzika dada. Ulinishika mkono ukaniambia, "Sasa mimi ni mgeni tu hapa kwenu." Ukaondoka, na hujarudi tena.

Sasa ukweli wa kigoda. Majirani wanasema wiki iliyopita ndege ilikohoa juu ya nyumba yetu, nami nimewaacha waseme. Haikukohoa. Kilikuwa kindege cha watu wengine, kikapita laini kabisa. Mama aliinua uso akasubiri. Kilipopotelea upande wa mbuga bila kukohoa, akabeba kigoda chake akaingia ndani hivyo hivyo. Nikamfuata, nikamwambia yule si mkwewe. Akasema anajua, macho yake yangali mazima. Akavuta pazia.

"Labda anaona aibu kukohoa," akasema. "Mimi nimeshampisha. Mwambie aje."

Mpaka leo kigoda hakijatoka. Kwa hiyo njoo, mlamu, hata kwa basi. Ukifika kwenye zizi, kohoa kwa koo lako mwenyewe.

Mimi mlamu wako,
kaka wa mkeo