Kilio Hakijatoka, na Harusi Ipo Ireland

Jumamosi, Kabondo, Kisangani. Mvua imekatika kabla ya saa sita, jua limetoka kali, na mimi naogopa nguo.

Naandika hivyo bila mapambo kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Nimefanya kazi ya redio katika mji huu miaka mingi. Nimevuka mto kwa mtumbwi kwenda Lubunga, ng'ambo, siku ambayo wengine walikuwa wanakimbia mapigano ya huko na magodoro kichwani. Nikarudi na sauti zao, nikala, nikalala. Wiki hii silali.

Binti yangu Deborah anaolewa Ireland. Ni muuguzi huko, na mchumba wake, Ciarán, ni fundi wa umeme. Deborah ni mjamzito. Mimba ya kwanza ilitoka.

Baba yake alifariki mwaka huu. Siku ya mazishi, familia ya mume wangu ilinivika nyeusi, na kwetu nyeusi haivuliwi na aliyeivaa. Familia inakaa, inakubaliana, kisha dada wa marehemu anakuvua kwa mikono yake na kukuvika nguo ya rangi. Huko ndiko kutoa kilio. Changu kilipangiwa mwaka mzima.

Harusi iko kabla.

Deborah alinitumia picha za harusi ya rafiki yake ili nione wageni wa huko wanavyovaa. Wanawake wana kofia ndogo za manyoya, zimebandikwa upande mmoja wa kichwa kana kwamba ndege ametua na wao wanaona haya kumfukuza. Magauni ya waridi, ya kijani, ya manjano. Viatu virefu kwenye majani yaliyolowa. Nilimuuliza familia ya bwana harusi imechagua kitambaa gani, ili na sisi tuchague chetu. Akacheka. Huko hakuna sare. Kila mgeni anajichagulia mwenyewe, ila asivae nyeupe, maana nyeupe ni ya bibi harusi peke yake.

"Mama, vaa tu kile unapenda," alisema.

Hapa Kisangani mama wa bibi harusi havai anachopenda. Anavaa kitenge walichochagua wote, na kikiwa kibaya, ni kibaya kwa wote. Huko nikikosea nimekosea peke yangu, mbele ya wakwe ambao sijawahi kuwaona.

Leo asubuhi nimepanda toleka, yaani baiskeli ya abiria, hadi kwa Ya Véro, dada mkubwa wa marehemu. Naye bado yuko katika nyeusi. Nilimkuta uani anatwanga pondu, majani ya muhogo. Hakuacha mchi wakati nikimweleza.

"Utoe kilio na familia haijakaa?" alisema. "Mama Debo, wewe ni mutu wa masomo. Ukitoa, mwenye atalipa haiko wewe. Ni mutoto. Na ule mwenye iko mu tumbo."

"Donc niende na nyeusi?"

"Uingize kilio mu harusi ya mutoto? Uko na akili kweli?"

"Bon. Basi Ya Véro, uniambie. Nivae nini?"

Akaendelea kutwanga.

"Ubakie," alisema.

Nilimuuliza kama familia haiwezi kukaa mapema, hata wiki hii. Hapo akaweka mchi chini.

"Alors, wewe utavaa kofia ya kuku kule, unacheka na Wazungu, unakula keki. Na miye? Nitabakia hapa na kilio ya kaka yangu, peke yangu?"

Niliaga, nikapanda toleka kurudi.

Siamini kwamba mume wangu anaweza kumdhuru mtoto kwa sababu ya kitambaa. Alikuwa mtu ambaye hata mbwa wa jirani hakumtupia jiwe. Lakini katika kazi hii nimekaa na wanawake wengi waliopoteza watoto, na kila mmoja alikuwa na sababu yake tayari: nilifanya hili, sikufanya lile. Niliandika majibu yao bila kuyasadiki. Sasa naliona langu limeshaandaliwa. Kama kitu kitampata Deborah, au huyo aliye tumboni, hakuna atakayeuliza madaktari walisema nini. Watasema ni nguo.

Marehemu simwogopi. Naogopa kwamba siku hiyo nami nitasema ni nguo.

Mchana Deborah alinitumia ujumbe wa sauti. Nibebe koti, huko hata wakati wa joto kuna baridi. Kanisa liko karibu na nyumba ya wazazi wa Ciarán. Mwishoni alishusha sauti: "Mama, Shangazi Véro alisema nini?"

Sikuwa nimemwambia kwamba ninakwenda kuuliza.

Kwa hiyo na yeye anajua hesabu ya miezi ya kilio, na yeye pia anaogopa, huko kwenye hospitali yake yenye mashine zote. Ningeweza kumwandikia kwamba shangazi yake amebariki. Asingegundua. Nilikaa na simu mkononi hadi kioo kikazimika, nikakiwasha tena, nikaandika: nitakujibu kesho.

Kisha nikaenda sokoni. Kitenge kinauzwa kizima, yadi sita, na mimi nusu inanitosha. Nilichukua cha bluu iliyokolea, chenye majani madogo ya kijani. Fundi alipomaliza kunipima aliuliza kama nusu nyingine anikunjie niweke akiba. Nilimwambia hapana, hiyo ni ya mtu.

Nimempigia Tonton Baudouin, mkubwa wa familia ya marehemu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Véro akikubali, nitakuja kukaa hata kesho," alisema. "Asipokubali, usinipigie tena. Mimi na Véro mu uwanja moja, ni yeye ananishindaka."

Kesho baada ya misa nitampelekea Ya Véro ile nusu. Nitamwomba anivue nyeusi, na mimi nimvue ya kwake, siku moja, tuvae kitenge kimoja. Sijui kama mjane anaruhusiwa kumvua dada wa marehemu. Sijasikia ikifanyika.

Anaweza kunirudishia kitambaa usoni.

Akikubali, Deborah atapata jibu la kweli. Akikataa, nitapanda ndege na nyeusi yangu, nikae benchi la nyuma kabisa katika kanisa la watu, katikati ya manyoya yao, na wanifikirie wanavyotaka.

Kubakia, sitabakia. Naliandika hapa leo kwa sababu kesho nikitoka kwa Ya Véro huenda nikawa na woga mkubwa kuliko huu.