Majani Meupe ya Mage

Jumamosi, 4 Septemba 1993

Miche kumi na mmoja ingali hai. Wa kumi na mbili umeoza, kosa langu: niliumwagilia maji. Miche hii ya Dodoma haitaki kubembelezwa. Inataka jua, kokoto na mtu mvivu. Uvivu ninao.

Asubuhi nimeongeza madebe manne ya kokoto nyepesi kutoka korongoni, ili mvua ikija maji yasisimame kwenye tuta. Mgongo wote unauma. Miaka arobaini na tisa si mchezo.

Majani ni meupe kana kwamba yamepakwa majivu, yana manyoya laini. Jua likiyapiga yanang'aa kama sufuria mpya. Mke wangu Mage alikuwa nayo mlangoni tulipopanga Dodoma, kabla shirika halijatupunguza kazini nami nikamleta huku kwetu Lufingo. Miaka mitano ya ukungu. Alisema hajawahi kuvaa nguo iliyokauka sawasawa tangu afike. Juni akaenda kwao kumuuguza mama yake. Mama amepona. Mage hajarudi.

Siku hizi kila mwenye lori ni mfanyabiashara. Huyu dereva wa kutoka Matwebe anapeleka ndizi Dodoma. Ndiye aliyeniletea miche, imeviringishwa kwenye gazeti lililoloweshwa. Kama Mage hapendi ukungu wetu, basi akute walau tuta moja la kwao.

Jumanne, 14 Septemba

Nimekata migomba sita. Ilikuwa inalizibia tuta jua la mchana.

Majirani wamesimama njiani kama watu waliofika msibani. Huku mtu anaweza kukusamehe ukimtukana, lakini mgomba uliobeba? Mmoja akauliza, "Ugonile, jirani. Hayo unayoyakatia migomba ni nini?"

"Magugu tu," nikamjibu. "Yamejiotea, nayaonea huruma."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao. Ningesema nini? Kwamba mwanamume mzima anapanda majani ili mke arudi?

Jumapili, 26 Septemba

Tumetoka kanisani na Tusajigwe, mdogo wangu. Naye ameuliza. Nimempa jibu lile lile la magugu. Utani wangu ukichekesha mara moja huuvaa mpaka uchanike, kama hili koti langu la mtumba. Mage alikuwa akisema kuongea nami ni sawa na kushika sabuni iliyolowa.

Miche imechipua pembeni. Nimekaa nayo hadi jua limehama. Namkumbuka vibaya sana. Hilo halina utani.

Ijumaa, 8 Oktoba

Barua. Mage anakuja Alhamisi. "Nakuja tuongee." Basi. Hakuna salamu kwa mtu mwingine, hakuna habari za mvua. Nimeisoma mara tisa.

Nimemwambia Tusajigwe kwamba wifi yake anakuja. Amepiga kigelegele hadi kuku wakakimbia.

Nimenyoa ndevu. Siku sita kabla. Mpumbavu mimi.

Alhamisi, 14 Oktoba

Saa tatu asubuhi nilikuwa tayari stendi ya Bulyaga kwenye kibanda cha chai. Gari likaingia saa nane. Akashuka Mage, amependeza, amenenepa kidogo. Nyuma yake akashuka kaka yake.

Mke anayerudi kwake haletwi na kaka. Nilijua pale pale. Nikamkaribisha shemeji kwa kumwambia ukungu wetu unauzwa kwa debe, achukue atakao.

Nyumbani tukakuta uwanja umefagiliwa, hauna hata jani moja. Tusajigwe na wanawake wa kanisani walishinda wakisafisha, kama ilivyo desturi yetu mgeni wa heshima anapokuja. Wamepalilia hadi kwenye migomba. Tuta langu lilibaki kokoto tupu. Nyuma ya choo moshi ulikuwa bado unafuka.

"Hata yale magugu yako tumeyang'oa, kaka," Tusajigwe akasema, amejaa furaha. "Wifi asije akadhani tunaishi porini."

Nikasema, "Ndaga fijo." Asante sana. Kisha nikaenda kusimama kidogo nyuma ya nyumba.

Ijumaa, 15 Oktoba

Ameondoka.

Shemeji alizungumza kwa adabu, hakuna aliyepaza sauti. Mage alifunga vitu vyake kwenye kanga mbili. Akaniambia, "Si mvua peke yake. Miaka yote nilikuwa nasubiri uniambie neno moja lisilo na mzaha."

Nje, tukingojea gari, akalitazama tuta. "Hapa palikuwa na nini?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Kaka yake alikuwa mbali. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema.

Nikasema, "Kaburi la akili zangu."

Akatabasamu, kama mtu aliyejibiwa swali jingine. Akapanda gari.

Jumanne, 19 Oktoba

Nimechakura majivu nyuma ya choo, pengine kuna mzizi. Hakuna. Dereva wa Matwebe amepita, kaniuliza kama alete miche mingine safari ijayo. Nimemwambia asilete.

Ndizi zimeiva, sijagusa. Nyumba ni kubwa mno.

Jumatano, 27 Oktoba

Mvua imewahi. Tusajigwe amekuja na jembe, kaomba lile tuta apande maharage, maana ardhi haikai bure.

Nimemwambia yale hayakuwa magugu. Yalikuwa ya Mage. Niliyatafuta hadi Dodoma, na migomba niliikata kwa ajili yake. Nimesema polepole. Hakuna mahali nilipochekesha.

Akaweka jembe chini, akakaa kizingitini. Akajifuta uso kwa kanga.

"Ungesema, kaka."

"Ndiyo."

Tumekaa pale mpaka mvua ikapungua. Halafu tumepanda maharage.